Mulungu wa Kaya na Mungu wa Israeli: Jinsi Aliye Juu Alivyobaki Peke Yake

Imani ya Mungu mmoja huelezwa mara nyingi kana kwamba ilishuka siku moja ikiwa nzima, mkononi mwa nabii mmoja, juu ya mlima mmoja. Lakini historia ya watu walioishika, wawe Waisraeli wa kale au Wamijikenda wa pwani ya Kilifi, yaonyesha kwamba ndani yake mna mambo mawili ambayo hayakuzaliwa pamoja. La kwanza ni kwamba yuko Mungu aliye juu ya wote. La pili ni kwamba hakuna mwingine ila yeye, na kwa hiyo kumwendea mwingine ni kosa. Neno ambalo Waswahili wamelizoea kwa imani hiyo, tauhidi, limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya moja, lakini kwa umbo lake si jina la hali bali ni jina la tendo: kufanya kuwa mmoja, kukiri kuwa mmoja. Umbo hilo lina ukweli mkubwa wa kihistoria, kwa kuwa umoja wa Mungu, kila mahali ambapo ushahidi wake umehifadhiwa vizuri, ni kazi iliyofanywa na vizazi vingi, na aghalabu ilifanywa kwa machozi.

Mahali pazuri pa kuitazama kazi hiyo ni ukanda mwembamba wa pwani ambamo kimo Kuruwitu, kijiji cha wavuvi na wakulima jirani na Vipingo, kati ya Mtwapa na Kilifi. Kusini mwake yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa mawe wa karne za 14 na 15 wenye msikiti unaotazamana na mawimbi. Kaskazini yapo Takaungu, ambako tawi la ukoo wa Mazrui lilikimbilia baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, na Mnarani, wenye msikiti wake na makaburi yake juu ya mlango wa bahari wa Kilifi. Upande wa magharibi nchi hupanda hadi kwenye vilima vya Wachonyi, Wakambe, Wajibana na Wakauma, ambako imesimama misitu ya kaya. Kwa karne kadhaa, mtu aliyetoka ufukweni kwenda vilimani alipita kati ya watu walioswali kuelekea Maka na watu waliomwaga tembo chini kwa ajili ya wazee wao waliokufa, na pande zote mbili walimwita muumba wa mbingu na nchi kwa jina ambalo asili yake ni moja.

Jina hilo ni Mulungu. Lugha za Wamijikenda zimelihifadhi kwa ukamilifu wake, na hulitumia pia Wakamba, Wagogo, Wayao, Wanyanja na jamii nyingine nyingi za Kibantu za mashariki. Katika Kiswahili sauti ya l iliyo kati ya irabu iliporomoka, kama ilivyoporomoka katika maneno mengi, likabaki Muungu, ambavyo ndivyo lilivyoandikwa bado katika vitabu vya karne ya 19, na hatimaye likawa Mungu. Wingi wake ni jambo la kuangaliwa kwa makini, maana Kiswahili hakisemi waungu bali miungu, na hivyo kulipa neno hili wingi wa ngeli ya miti, milima na mito, ingawa mwenye jina hilo hupatanishwa kama mtu mwenye nafsi. Sarufi huhifadhi mambo ambayo wasemaji wenyewe wamekwisha kuyasahau. Kiebrania nacho kina hifadhi ya namna hiyo hiyo, kwa sababu Elohimu, neno la kawaida la kumtaja Mungu katika Torati, lina umbo la wingi, na bado katika sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu cha Mwanzo kitenzi chake kimewekwa katika umoja.

Ushahidi wa kale ulioandikwa juu ya jina la Mungu katika pwani hii ni wa al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad, ambaye mwaka 916 alisafiri kwa mara ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu katika bahari ya Wazanji. Aliandika kwamba Wazanji wana jina lao la kumwita Mungu, ambalo alilifasiri kuwa Bwana Mkuu, na papo hapo akaongeza kwamba hawana sheria ya dini na kwamba kila mmoja huabudu akipendacho, kiwe mmea, mnyama au madini. Wasomaji wengi wameichukua kauli hiyo kama mkanganyiko, kana kwamba mwandishi alisahau katika sentensi ya pili alichokisema katika ya kwanza. Haikuwa hivyo. Al-Masudi alieleza kwa usahihi mkubwa hali ya watu waliokuwa na lile jambo la kwanza bila lile la pili, yaani waliomjua aliye juu ya wote bila kudai kwamba yuko peke yake.

Wakati huo Uislamu ulikuwa umekwisha kutua pwani, kwani huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wamekuta mabaki ya msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Waswahili waliosilimu walijifunza kuswali kwa Kiarabu, lakini hawakuliacha jina la mababu. Walilitakasa, wakalizungushia sifa za Mwenyezi, Mola na Rabi, na kulikataza lisishirikishwe na chochote. Ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana leo, maana ulikubali kimyakimya kwamba yule ambaye babu asiye Mwislamu alimwomba mvua alikuwa ni huyu huyu.

Mvua ndiyo yenye kisa chote. Katika mpango wa dini ya kaya, kama ulivyoelezwa na Wamijikenda wenyewe na kuandikwa na wageni tangu karne ya 19, Mulungu ni muumba na mwenye mbingu, hana sanamu wala nyumba, na hashughulikiwi kila siku. Walio karibu na maisha ya kila siku ni koma, yaani roho za waliokufa katika ukoo, ambao husikia njaa na kiu, hukasirika wakisahauliwa, na hurudi kwa njia ya majina, kwa kuwa mjukuu hupewa jina la babu. Ugonjwa wa mtoto ulikuwa shauri la koma au la pepo. Ukame ulikuwa shauri la nchi nzima, na hapo wazee wa kambi, yaani baraza la kaya, waliingia msituni kuvoya, ambalo ni neno la Kigiriama na la ndugu zake lenye maana ya kuomba. Ombi likapanda kwa Mulungu huku koma wakitajwa njiani kama wazee wanaomsindikiza mgeni hadi mlangoni.

Kaya yenyewe ilikuwa kijiji kilichozungukwa na msitu mnene, kikifikiwa kwa njia nyembamba zenye malango, na katikati ya uwazi wake ilizikwa fingo, hirizi ya ulinzi ambayo kwa mapokeo ililetwa kutoka Shungwaya, nchi ya asili upande wa kaskazini. Nje ya kaya, katika miji ya watu, vilisimama vigango. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, uliochongwa kichwa cha duara juu ya shingo fupi, na chini yake kiwiliwili bapa kisicho na mikono wala miguu, kilichojaa pembetatu ndogondogo zilizokatwa safu kwa safu kwa ncha ya kisu. Hufungwa vitambaa vya rangi shingoni na kiunoni, na mguuni pake humwagwa uchi, yaani tembo la mnazi. Hasimikiwi kila mtu, bali mwanachama wa Gohu, chama cha watu wazito, na mara nyingi ni baada ya marehemu kumtokea mwanawe ndotoni akilalamika kwamba analala baridi. Aliyewahi kusimama mbele ya kigango kilichopaushwa na jua la miaka mingi, vitambaa vikiwa vimebaki nyuzi, hawezi kusema kwamba ni sanamu ya mungu. Ni kiti cha mzee.

Haya yote yanahitaji kushikwa akilini kabla ya kuvuka bahari kwenda Kanaani, kwa sababu Israeli ya kale, kama inavyojitokeza katika mawe yaliyochimbuliwa na katika tabaka za chini za Biblia yenyewe, ilianza mahali pasipo mbali na hapa. Kumbukumbu ya kwanza ya jina Israeli imo katika nguzo ya ushindi ya Farao Merneptah ya mwaka 1208 KK hivi, na jina hilo lamtaja El, si Yahwe, ambaye Waisraeli walikuja kumwabudu kama Mungu wao. El alijulikana vizuri zaidi kuanzia mwaka 1929, ulipoanza uchimbuaji wa Ugariti, mji wa pwani ya Siria ulioteketea mwanzoni mwa karne ya 12 KK, ambamo mabamba ya udongo yalionyesha baraza zima la mbinguni: El, mzee mwenye hekima na huruma, mkuu wa kikao, mkewe Athirati, ambaye Waebrania walimwita Ashera, na Baali, kijana wa ngurumo na mvua, mpanda mawingu.

Yahwe alitoka kwingine. Mashairi ya kale zaidi katika Biblia humleta kutoka kusini, kutoka Seiri, Edomu na Parani, na kitabu cha Kutoka chasema kwamba Musa alikutana naye akichunga kondoo wa mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani. Ushahidi ulio wa kale kuliko huo umechongwa katika bara la Afrika: katika hekalu la Farao Amenhotep wa Tatu huko Soleb, kwenye ukingo wa Nile katika Sudan ya leo, orodha ya karne ya 14 KK yataja nchi ya wahamaji walioitwa Shasu yenye jina linalosomeka Yhw, na wataalamu wengi huona humo jina la Yahwe, kwanza likiwa la mahali.

Jinsi El na Yahwe walivyokuwa mmoja ndiyo hatua ya kwanza ya tauhidi ya Waisraeli, na haikuacha dalili ya vita. Manabii walimshambulia Baali kwa ukali wote wa lugha yao, lakini hakuna mahali popote ambapo walimshambulia El, kwa sababu alikuwa amekwisha kumezwa na jina jipya pamoja na hekima yake, huruma yake na baraza lake. Sura ya 6 ya kitabu cha Kutoka hulisema jambo hili waziwazi kupita ilivyotazamiwa, pale Mungu anapomweleza Musa kwamba mababu walimjua kwa jina la El Shadai na hawakulijua jina lake la Yahwe. Mwandishi huyo alifanya kazi ya mfasiri: alichukua jina la Mungu wa mababu na jina la Mungu wa wakati wake, akatangaza kwamba mwenye majina hayo ni yule yule.

Bado hawakuwa wamefika kwenye jambo la pili. Sura ya 32 ya Kumbukumbu la Torati husimulia jinsi Aliye Juu alivyoyagawa mataifa, na katika maandishi ya Kiebrania yaliyozoeleka mipaka iliwekwa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Lakini kipande cha gombo kilichopatikana Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, husema kwa hesabu ya wana wa Mungu, kila taifa likiwa na wake, na Yakobo akiwa fungu la Yahwe. Zaburi ya 82 humwonyesha Mungu akisimama katika kusanyiko la miungu na kuwahukumu. Hata amri ya kwanza kati ya zile kumi, ikisomwa kwa utulivu, hukataza kuwa na wengine mbele yake, nayo haisemi kwamba hawapo. Hali hii, ya watu kumwabudu mmoja bila kukana kuwepo kwa wengine, wataalamu huiita monolatria, na ndiyo iliyokuwa hali ya walioshika dini kwa bidii katika Israeli kwa muda mrefu. Jirani zao nao hawakuwa mbali: jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 KK, husema kwamba nchi ile ilionewa kwa sababu Kemoshi, mungu wake, aliikasirikia, na mtu akibadilisha jina la Kemoshi kwa la Yahwe maneno hayo yangeweza kukaa katika kitabu cha Waamuzi.

Watu wa kawaida walikuwa wapana kuliko hapo. Mfalme Sauli alimpa mwana mmoja jina la Yonathani, yaani Yahwe ametoa, na mwingine jina la Eshbaali, mtu wa Baali, ambalo waandishi wa baadaye waliliharibu kwa makusudi likawa Ishboshethi, mtu wa aibu. Nyumba ya namna hiyo haimshangazi mtu wa Kilifi, ambako chini ya paa moja huweza kuishi Kazungu, Mohamed na Emmanuel, wote wajukuu wa babu mmoja. Huko Kuntillet Ajrud, kituo cha wasafiri jangwani kilichochimbuliwa mwaka 1975 na 1976, yalikutwa maandishi ya mwaka 800 KK hivi yanayombariki mtu kwa Yahwe wa Samaria na kwa Ashera wake. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama Ashera huyo ni mke au ni nguzo ya mti iliyosimikwa kando ya madhabahu, ile ambayo Biblia ya Kiswahili huiita Ashera na kuamuru ikatwe. Kwa kuwa katika Kiebrania jina la mtu halichukui kiambishi cha umilikaji, wazo la nguzo lina nguvu zaidi, ingawa nguzo nayo ilikuwa ya mtu fulani. Katika ngome ya Aradi, kusini mwa Yuda, kulikuwa na hekalu dogo la Yahwe mbali na Yerusalemu, lenye mawe ya kusimama na madhabahu mbili za kufukizia; uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulikuta juu ya mojawapo mabaki ya ubani uliochanganywa na mafuta ya mnyama. Ni ubani ule ule wa Arabuni na Pembe ya Afrika ambao kwa karne nyingi umeshuka kwa majahazi hadi pwani ya Kenya, na ambao hadi leo hutiwa katika chetezo chenye makaa katika nyumba za Takaungu.

Mgogoro ulizuka juu ya mvua. Kisa cha Eliya na manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli, kilichowekwa katika enzi ya mfalme Ahabu wa karne ya 9 KK, huhubiriwa kama mashindano ya moto, lakini anayesoma sura nzima huona kwamba kilianza kwa ukame wa miaka na kuishia kwa wingu dogo kutoka baharini. Swali lilikuwa: nani aletaye mvua? Kama Yahwe wa jangwa la kusini ndiye anyeshaye mashamba, basi Baali hana kazi tena, na mungu asiye na kazi haachi pengo anapoondoka. Ndivyo sifa za Baali zilivyohamia kwa Yahwe moja moja, ngurumo, mawingu, ushindi juu ya bahari, mpaka zaburi zikamwita Yahwe mpanda mawingu.

Hatua ya serikali ilifuata. Biblia humsifu mfalme Hezekia kwa kuondoa mahali pa juu, yaani madhabahu za vilimani, na mwaka 622 KK mfalme Yosia alivunja zilizobaki, akazikata Ashera, akakusanya sadaka zote Yerusalemu. Kisha, mwaka 586 KK, Wababeli waliichoma Yerusalemu pamoja na hekalu lake. Kwa mantiki ya ulimwengu ule, taifa lililoshindwa ni taifa ambalo mungu wake ameshindwa, na wahamishwa walioketi kando ya mito ya Babeli walikuwa na kila sababu ya kumwacha. Waandishi wao walikataa. Walisema kwamba Babeli ilikuwa fimbo mkononi mwa Yahwe, na ili dai hilo lisimame ilibidi Yahwe awe pia Mungu wa Babeli, na hatimaye wa Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeuteka mji huo mwaka 539 KK. Hapo ndipo, katika sura ya 40 hadi ya 55 za kitabu cha Isaya, lile jambo la pili hutamkwa bila kusita: si kwamba wengine ni wadogo, bali hawapo. Hakuna taifa lililowahi kupata makuu namna hii kutokana na kushindwa, na kati ya mambo yote katika historia hii, hili ndilo linalostahili heshima kubwa zaidi. Hata hivyo halikufika kila mahali mara moja, maana katika karne ya 5 KK Wayahudi wa Elefantine, kisiwa cha mto Nile kusini mwa Misri, walikuwa na hekalu lao la Yahu, na orodha yao ya michango iligawa fedha kati yake na majina mengine mawili ya kimungu.

Mwanafalsafa Robin Horton, aliyefanya kazi Nigeria kwa muda mrefu, alitoa mwaka 1971 maelezo yanayozifaa pande zote mbili za hadithi hii. Alisema kwamba roho ndogo hutawala ulimwengu mdogo wa kijiji, na aliye juu hutawala ulimwengu mpana. Watu wakiishi zaidi ndani ya kijiji, roho ndizo zitakazopewa muda, na biashara, dola au uhamisho ukiupasua ukuta wa kijiji, aliye juu hukua na roho hupungua. Nadharia hiyo imepingwa kwa sababu huonyesha dini kama chombo cha kueleza mambo tu, na kweli kigango si maelezo bali ni upendo wa mwana kwa baba. Lakini kwa Babeli yafaa, na kwa Kilifi yafaa pia kwa sehemu kubwa.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana ya CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, akaendelea kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili huku jeraha likiwa bichi, na mwaka 1846 akahamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Kazi ya tafsiri ilimpa swali la kwanza la kila mfasiri: Elohimu aitweje? Alisikia Mulungu ikitumika kwa mbingu zenyewe pamoja na mwenye mbingu, na akasita. Hatimaye jina hilo ndilo lililoshinda, kama lilivyoshinda kwa Waislamu karne nyingi kabla yake. Bila kujua, mtu huyu aliyefiwa alirudia alichokifanya mwandishi wa sura ya 6 ya Kutoka. Jina la Yahwe lenyewe halikupewa nafasi, kwa kuwa Wayahudi walikuwa wamekwisha kuacha kulitamka na kusoma Adonai badala yake, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 iliandika BWANA kwa herufi kubwa.

Wasomi wa Afrika Mashariki wamegombana kwa haki juu ya uamuzi wa namna hiyo. John Mbiti wa Kenya, katika vitabu vyake vya mwaka 1969 na 1970, alikusanya majina ya Mungu kutoka mamia ya jamii za Afrika na kushikilia kwamba Mungu alijulikana kabla ya mmisionari kufika. Okot p'Bitek wa Uganda akamjibu mwaka 1970 kwamba wanaofanya hivyo wanawavika miungu wa Afrika kanzu ya Kiyunani, akatoa mfano wa kwao Acholi, ambako wamisionari waliouliza ni nani aliyewafinyanga watu walipewa jina la roho inayowapindisha watu uti wa mgongo, wakaliandika kuwa ndilo jina la Muumba. Kwa pwani ya Kilifi kila mmoja ana nusu ya haki. Mulungu hakuwa kosa la mfasiri, kwani Waswahili walikwisha kumkiri kabla ya Mzungu yeyote kuandika neno. Lakini wivu wa Mungu asiyekubali mwenzi haukuwamo katika jina hilo, uliingizwa.

Na uliingizwa kwa mkono mzito. Wamijikenda walikaa jirani na misikiti kwa karne nyingi bila kusilimu kwa wingi, isipokuwa Wadigo kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu ulimwengu wao wa kaya ulikuwa bado mzima. Ulipasuliwa na dola. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwalisha Wagiriama kiapo katika Kaya Fungo ili wasitoe kodi wala vijana wa kazi. Wote wawili walikamatwa na kuhamishwa, na Agosti 1914 serikali ya Waingereza ikailipua kaya hiyo kwa baruti. Yosia alivunja mahali pa juu kwa ajili ya Mungu aliyemwamini. Afisa wa mwaka 1914 alivunja kwa ajili ya kodi, na haifai mambo hayo mawili kuchanganywa. Lakini matokeo kwa yule aliyekwenda kuvoya mvua na kukuta shimo yalifanana: koma walinyamazishwa, na aliyebaki kusikika ni aliye juu. Kile ambacho Waisraeli walikifanya wenyewe kwa miaka 600 hivi, watu wa Kilifi walitakiwa kukimaliza katika kizazi kimoja au viwili, kupitia shule, mahakama na mashamba ya mkonge.

Hawakukimaliza. Misitu kumi ya kaya iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na desturi zake zikaorodheshwa mwaka 2009 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Makumbusho ya Denver, Marekani, yaliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30 ambavyo vilikuwa vimeng'olewa mahali viliposimikwa na kuuzwa kama mapambo. Huko Kuruwitu wanakijiji walitenga mwaka 2005 hekta 30 hivi za bahari zisivuliwe. Hawakufanya hivyo kwa dini, ila kwa samaki waliokuwa wakiisha. Hata hivyo kutenga mahali ili pasiguswe ni tendo ambalo vilima vya nyuma yao vimelijua kwa karne nyingi, na ndilo ambalo Kiebrania kiliita kodesh na Kiarabu kudusi.

Mvua ya masika ikichelewa Kilifi, imamu huomba msikitini, mchungaji huomba kanisani na wazee huvoya kayani, kila mmoja akiwa na hoja zake juu ya wale wengine. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 humwita Mwenyezi Mungu, Biblia ya mwaka 1952 humwita Mungu, na wazee wa kaya humwita Mulungu.